Mafuta Yasiyo na Kitenzi

Simulizi ninayotaka kuisoma hapa haimo katika kitabu chochote. Inasemwa Mavivi, kando ya barabara kuu itokayo Beni kuelekea Oicha na Eringeti. Wanaoisema ni watu waliokulia ukingoni mwa Ziwa Edward, Kyavinyonge au Vitshumbi, kabla ya ndoa, biashara au vita kuwaleta huku penye misitu na michikichi. Kila msimulizi ana yake, ila umbo ni moja. Nimezikunja zote kuwa simulizi moja, kwa maneno ya kila siku ya Kiswahili chetu, ili mimi na msomaji tuwe na kitu kimoja cha kutazama:

Kule kwetu ku ziwa tulikuwaka tunakula samaki. Asubui samaki, midi samaki, mangaribi samaki. Tilapia, kambale, kamongo. Mama alikuwaka anaipika na kichwa yake. Tulikuwaka tunakula wote ku sahani moja. Bugali ya mihogo tunachovya mu muchuzi. Na mafuta.

Sentensi saba, basi. Aliyezoea kumbukumbu za utotoni zilizoandikwa atauliza kisa kiko wapi. Hakuna dhoruba iliyopindua mtumbwi, hakuna mtoto aliyedokoa mnofu akachapwa, hakuna bibi anayerithisha siri ya mapishi. Hata ile "siku moja" ambayo kila hadithi huiegemea haimo. Nimewasikia watu waliosoma wakisema kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye njaa, si simulizi. Siwakubalii. Naona ni utungo, tena utungo uliobanwa sana, na nataka kuonyesha kwamba kilichoachwa nje yake kimeachwa kwa sababu.

Tuanze na kitenzi, maana ndicho kinachobeba mzigo wote.

Kiswahili cha Beni, sawa na cha Goma, Bunia au Lubumbashi, hubandika -ka mwishoni mwa kitenzi kuonyesha jambo la mazoea: tunakulaka, anaendaka, tulikuwaka. Kiswahili sanifu hakina kiambishi hicho. Kina hu-, na hu- ina tabia ya kumfukuza mtendaji: "hula samaki" inaweza kuwa mimi, wewe, au kijiji kizima. Umbo hilo linafaa sana kwa kuandika mila. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliandika habari za watu wa pwani, na Carl Velten akazichapisha Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mle ndani mna uzazi, jando, arusi na matanga, na kila shughuli ina chakula chake. Chakula hicho ni cha watu kwa jumla. Mtoro mwenyewe alikila, bila shaka, lakini kitabu hakikumwomba aseme ladha ilikuwaje kinywani mwake.

Tulikuwaka inafanya kazi nyingine. Tu- imebaki mahali pake, ikidai kwamba ni sisi wenyewe. -li- imebaki, ikisema kwamba yamepita. Na -ka mwishoni inasema kwamba hayakutokea mara moja, yalikuwa ndiyo maisha. Mtenda, wakati uliopita na mazoea vimekaa katika neno moja. Sanifu ikijaribu kusema hivyo hivyo itasema "tulikuwa tukila", na hapo hapo msikilizaji anainua kichwa, kwa sababu "tulikuwa tukila" humfanya angojee kitakachokatiza. Tulikuwa tukila, mara mlango ukagongwa. Tulikuwa tukila, mara tukasikia risasi. -ki- inaacha mlango wazi kwa tukio lijalo. "Tulikuwaka tunakula" haina mlango huo. Ni kauli inayojitosheleza, wala hakuna anayengoja kisicho chakula.

Zaidi ya hayo, sanifu ina -ka- nyingine, ile ya katikati: akaenda, akatega, akarudi. Hiyo ndiyo injini ya hadithi, inayosukuma tendo moja baada ya jingine mpaka mwisho. -ka ya mwishoni mwa kitenzi inafanya kinyume, inazuia. Mtu wa Kyavinyonge anazijua zote mbili, kwa sababu anasikia Kiswahili cha redio na cha kanisani kila siku, na anaposimulia bei ya ng'ombe au safari ya Kasindi husema akafanya hivi akafanya vile bila taabu. Akifika kwenye chakula cha utotoni anaiacha ile ya katikati na kushika ya mwishoni. Huo ni uamuzi wa kisanii, hata kama hajawahi kuuita hivyo.

Kwa nini aamue hivyo? Kwa sababu kila mtu anayesimulia hapa Mavivi ana siku ya mwisho. Ipo siku aliyoondoka ziwani: siku nyavu zilipochukuliwa, siku watu wenye silaha walipoingia, siku mume alipopata kazi Beni. Simulizi ikiruhusu "siku moja" hata mara moja, itateremka yenyewe mpaka siku hiyo, maana masimulizi ya watu wa huku yote yanateremkia huko. -ka ndiyo inayozuia mteremko. Inakitenga chakula na vita, si kwa kukana kwamba vita vilikuwepo, bali kwa kutumia umbo ambalo ndani yake vita havina pa kukaa. Nimesoma mashairi mengi yenye tamathali za kupendeza kuhusu amani, na sikumbuki hata moja lililofanya kazi hiyo vizuri kama silabi hii.

Sentensi ya pili inakwenda kwa mwendo wa wimbo. "Samaki" inaangukia mwisho wa kila kipande, kama kibwagizo: asubui samaki, midi samaki, mangaribi samaki. Ukihesabu mizani utapata saba, tano, saba. Msimulizi hahesabu, lakini sikio lake linahesabu, ndiyo maana katikati pamefupishwa na mwisho umerefushwa. Kisha, baada ya jina la jumla kutajwa mara tatu, linatoweka, na nafasi zake tatu zinachukuliwa na majina matatu ya ukoo wake. Tilapia anatangulia kwa sababu ya heshima yake sokoni. Kambale anafuata. Kamongo, yule samaki mrefu mwenye mapafu, anafunga. Msikilizaji aliyetoka ziwani anajua kwamba hapo ndipo anaporuhusiwa kuingia. "Na ya chumvi?" "Na ile ya moshi?" Pwani mtambaji husema Paukwa, wakamjibu Pakawa, na mapatano ya msimulizi na hadhira yanafungwa kabla hadithi haijaanza. Hapa mapatano yanafanyika katikati, kwenye orodha. Sentensi ya tatu inaweza kuwa na maneno matatu au ishirini, kutegemea nani amekaa pale.

Kudharau orodha ni kosa la wasomaji waliolelewa na riwaya. Pale mto Semliki unapotoka ziwani, jirani na Kyavinyonge, ndipo Ishango. Jean de Heinzelin, Mbelgiji, alichimba hapo mwaka 1950 na kukuta vyusa vya mifupa, mabaki ya samaki, na mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa katika safu tatu. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi, na leo umehifadhiwa Brussels, katika makumbusho ya taasisi ya sayansi asilia. Wataalamu wamebishana kama ni hesabu, kalenda ya mwezi au mchezo. Mimi si mtaalamu wa mifupa, na sitajifanya kwamba mikato ile ni majina ya samaki. Ninachoweza kusema ni kwamba watu waliokula samaki kwenye ukingo huu waliona umuhimu wa kupanga vitu katika safu, kimoja baada ya kingine, zamani sana kabla ya mtu yeyote kuandika sura ya kwanza ya riwaya.

Kuna umbo jingine la kukumbuka chakula ambalo watu hawa hawa wamelizoea, nalo ni dodoso. Tangu mauaji ya raia yalipoanza kuenea katika eneo la Beni Oktoba 2014, familia zilizokimbia zimekuwa zikisogea kufuata barabara hii. Na mahali penye familia zilizokimbia hufika watu wenye simu na maswali. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha Mpango wa Chakula Duniani, ambao huku tunauita PAM. Mtu anaulizwa: katika siku saba zilizopita, nyumba yako imekula nini, kwa siku ngapi? Vyakula vimegawanywa katika makundi manane na kila kundi lina uzito wake. Nafaka na mizizi 2, kunde 3, mboga 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, sukari 0.5, mafuta 0.5. Siku zinazidishwa kwa uzito, vyote vinajumlishwa. Jumla isiyozidi 21 ni lishe duni, kati ya hapo na 35 ni ya mashaka, na kuzidi 35 inakubalika.

Sina ugomvi na hesabu hiyo. Inasaidia kujua gari la unga liende wapi. Lakini ni utungo pia, na inasomeka kama utungo. Njeo yake ni ya tendo lililokwisha, lenye mpaka wa siku saba. Siku ya nane haipo. Mtenda wake ni "nyumba", si sisi. Na ina orodha yenye mpangilio wa heshima, kama ile ya ziwani.

Nilijaribu kuipitisha simulizi ya ziwani ndani ya dodoso. Samaki siku saba, 28. Muhogo siku saba, 14. Jumla 42: mtoto wa Kyavinyonge anavuka mstari wa 35 kwa samaki na bugali peke yake. Ukiongeza mafuta ya siku saba unapata 3.5 tu, na jumla inakuwa 45.5. Halafu chukua sahani ya kawaida ya Mavivi: muhogo siku saba, 14, sombe (majani ya muhogo) siku saba, 7, mafuta siku saba, 3.5, na maharagwe siku mbili, 6. Ni 30.5, chini ya mstari. Kwa hiyo mtu anayesema kule kwetu tulikula vizuri zaidi hasemi kwa sababu ya machozi. Hata hesabu ya ofisini inampa haki.

Lakini dodoso lina kanuni ndogo inayonigusa kama msomaji wa maumbo. Samaki akitumika kidogo tu, kwa kutia ladha, hahesabiwi kuwa samaki. Anahesabiwa kuwa kiungo, na kiungo hakina uzito. Kile kipande cha samaki mkavu ambacho mama wa Mavivi anakitwangia ndani ya sombe ni sifuri. Kwa msimulizi, hapo ndipo simulizi nzima inapoanzia. Harufu ya samaki wa moshi ikiingia kwenye sombe, mtu aliyekaa kimya tangu mchana anasema "kule kwetu ku ziwa". Kitu kimoja, sahani moja. Dodoso linakipa sifuri, na simulizi inaanza nacho sentensi saba. Sijui mfano mwingine ulio wazi kiasi hicho wa jinsi umbo linavyoamua nini kitaonekana.

Katika jambo moja maumbo haya mawili yanakubaliana, nalo ndilo lililonifanya niandike. Yote mawili yanayaweka mafuta mwisho. Dodoso linayapa nusu. Simulizi inayapa "na". Wasimulizi wengi huyataja hivyo hivyo, kwa pumzi iliyobaki, na wengine hawayataji mpaka waulizwe. Tazama tena ile simulizi. Samaki ana kitenzi: tunakula, anaipika. Bugali ina kitenzi: tunachovya. Sahani ina watu. Mafuta hayana chochote. Hayamiminwi, hayachemshwi, hayana rangi, hayana hata "tulikuwaka". Yamening'inia.

Msomaji wa utenzi wa Fumo Liyongo, ule wa Muhammad Kijumwa wa mwaka 1913, ana sababu ya kukitilia shaka chakula kilichowekwa mwisho. Liyongo yumo kifungoni, naye anampelekea mama yake ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo. Mama anaandaa vyakula vizuri pamoja na mkate wa wishwa. Walinzi wanakula vilivyo vizuri na kumwachia mfungwa mkate wa wishwa, na ndani ya mkate huo mna tupa ya kukatia pingu. Yule aliyeutunga utenzi alijua kwamba jicho la mlinzi hupita juu ya kitu duni. Jicho la mhakiki nalo hupita hivyo hivyo asipojihadhari.

Basi tuyakate mafuta tuone ndani mna nini. Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma ndizo pecheri tatu, yaani vijiji vya uvuvi, zilizoruhusiwa upande wa Kongo wa Ziwa Edward, na maisha yake yamebanwa na Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Mvuvi ana ziwa mbele yake na wanyama nyuma yake. Shamba hana, au ana kidogo mno. Kwa hiyo sahani ya ufukweni, ile tunayoisikia kama sahani ya ziwa tupu, ni nusu ya ziwa na nusu ya kwingine. Maharagwe na viazi vinateremka kutoka milima ya Lubero na Butembo. Na mawese? Mchikichi unataka joto na mvua nyingi. Butembo, iliyo juu ya mita 1,700, ni baridi kwake. Uwanda unaozunguka ziwa ni mkavu kwake. Unastawi huku: Beni, Mbau, Oicha, Mavivi. Mafuta mekundu yaliyokuwa yakielea juu ya mchuzi wa tilapia kule Kyavinyonge yalikuwa yamesafiri kutoka upande huu, ndani ya bidoni, juu ya lori la mfanyabiashara, samaki wakipanda njia hiyo hiyo kuja huku.

Msimulizi alikuwa akiila Mavivi tangu utotoni, kabla hajaiona kwa macho.

Na hii ndiyo sababu mafuta hayana kitenzi. Linganisha na pwani ya bahari. Mtu wa Lamu au Mombasa akikumbuka samaki wa kupaka, nazi yake ina vitenzi tele: kufua, kuvunja, kukuna, kukamua, kuchuja. Kuna mbuzi aliyokalia, kuna kifumbu, kuna tui la kwanza na la pili. Mnazi ulikuwa pale pale nyuma ya nyumba na mtoto ndiye aliyetumwa kukuna. Samaki na mafuta yake vilitoka katika upeo mmoja wa macho. Mnazi na mchikichi ni ndugu, miti ya jamii moja, lakini kwa mtoto wa Kyavinyonge mchikichi ulikuwa mbali, na kazi yake ilifanywa na mikono ambayo hakuiona. Yeye aliyajua mafuta yakiwa yameshakuwa mafuta. Kitenzi kilibaki Mavivi.

Kuna neno ambalo simulizi hii hailisemi hata mara moja: hapa. Inafunguka kwa "kule", inakaa kule, inaishia kule. Mtu anaweza kuisikiliza mara mia asijue inasimuliwa wapi. Ila mahali inaposimuliwa pamo ndani yake. Pamejificha katika neno la mwisho, lile lisilo na kitenzi.

Kuhusu "wote ku sahani moja" nitasema kwa ufupi, ingawa najua wengi ndiyo sentensi wanayoipenda. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa, Mangina, magharibi ya Beni. Ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na zaidi ya watu 2,200 walikuwa wamekufa. Kwa muda huo tulinawa maji ya klorini kila mlangoni, hatukupeana mikono, na mikono mingi katika sahani moja ikawa jambo la kutisha. Sentensi ya tano haikubadilika hata neno. Ila ilikuwa ikisikika kama habari ya hatari, na niliona wasimulizi wakiipitia haraka au kuiruka. Baada ya 2020 imerudi mahali pake, na sasa inasemwa polepole kuliko mwanzo.

Sasa lawama, maana siwezi kuisifu tu. Umbo hili lina udhaifu, na udhaifu wake unatoka pale pale panapotoka nguvu zake. -ka inayozuia vita isiingie inazuia pia kupungua. Katika simulizi hii samaki hawapungui kamwe, na ziwa la kweli limepungukiwa. Viboko wa Ziwa Edward na mito yake walikuwa zaidi ya 25,000 katika miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 walikuwa wamebaki chini ya 1,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya nyama na meno na watu wenye bunduki wa kila upande. Kinyesi cha viboko ndicho kilichorutubisha maji, maji yakalisha vijimea, na vijimea vikalisha tilapia. Ongeza nyavu za matundu madogo na wavuvi wasio na kibali. Kuna pia mpaka wa maji, ambao kuuvuka kumewagharimu wavuvi wa Kongo nyavu, mitumbwi na kifungo mikononi mwa doria za Uganda, na ambao Julai 2018 uligeuka uwanja wa mapigano ya majeshi mawili. Hakuna hata moja ya haya linaloweza kusemwa kwa "tulikuwaka tunakula". Yanahitaji -ka- ya katikati: wakaua, wakapungua, tukakosa. Mtu anayeisikia simulizi bila kujua haya atalidhani ziwa ni ghala lisilo na mwisho, na atashangaa kwa nini watu waliliacha. Ningependa wasimulizi wetu wawe na simulizi ya pili, ya kusimama kando ya hii, yenye "siku moja" ndani yake. Sioni kwamba ya kwanza ibadilishwe.

Wapo wanaoirithi. Watoto waliozaliwa Mavivi, ambao hawajaona ziwa wala hawajui ngozi ya kamongo ikoje mkononi, wanaisema simulizi hii ya wazazi wao. Ningetarajia waseme "walikuwaka wanakula". Wengi husema "tulikuwaka". Mwalimu wa sarufi atawasahihisha. Mhakiki hatawasahihisha, kwa sababu nafsi hapa haionyeshi nani alikuwepo pale, inaonyesha nani ni wa sahani ile. Orodha yao ya samaki ni fupi, haikui, hawana cha kuongeza baada ya tilapia. Wanapoongeza, wanaongeza mwishoni. Kwao mafuta si neno tupu. Wanajua kukata mkungu wa chikichi, kuzing'oa tunda moja moja, kuzichemsha, kuziponda, kuzikamua. Wanajua pia kufyonza utando mtamu wa mbegu za kakao kabla baba hajazianika, chakula ambacho hakuna mtu wa ziwani aliyewahi kukitaja. Mtoto akifika kwenye "na mafuta" hawezi kuishia hapo, mdomo wake unataka kuendelea: na mafuta, tunaikamuaka sisi wenyewe. Njeo ni ya sasa, -ka ni ile ile.

Nimeanza kusikia toleo la tatu. Mashamba ya michikichi na ya kakao yaliyo kilomita chache tu kutoka barabarani yameachwa na wenyewe mara kwa mara, kwa sababu watu wameuawa wakiwa shambani. Vijana waliokuwa wakikamua mafuta miaka michache iliyopita wanayanunua sokoni kwa kipimo. Nao sasa, wakiwa wamekaa Mavivi na kuzungumzia Mavivi, wanasema "tulikuwaka tunakamua".